Dominika, Msikilizaji wa Miamba ya Ufipa

Ukungu wa Juni 1995 bado umelala juu ya mashamba ya Mwimbi, Dominika Chambala anaposhusha betri ya gari kutoka kwenye keria ya baiskeli. Anafunua mfuniko wa bati, anainama juu ya shimo na kutazama kalamu ndogo ikichora mstari kwenye karatasi inayozunguka taratibu.

“Jana lilipita tetemeko dogo,” anasema akitabasamu. “Wewe hukulisikia. Chombo hiki kimelisikia.”

Dominika, 41, mkazi wa Katandala mjini Sumbawanga, anatunza vituo tisa vya kupima mitetemo. Watafiti wa chuo kikuu hutumia karatasi zake kuchora picha ya miamba iliyo kilometa nyingi chini ya Ufipa. Mawimbi ya tetemeko hukimbia kwenye mwamba mgumu, hujivuta kwenye mwamba wenye joto kali uliolegea. Hapo hujulikana gamba la dunia ni imara wapi na dhaifu wapi.

“Ukinunua chungu unakigonga, usikie kama kina ufa,” anaeleza. “Sisi tunangoja dunia ijigonge yenyewe.”

Hakusomea kazi hii. Kwa miaka kumi na moja alikuwa karani wa ghala la ushirika. Biashara ya mahindi ilipoachiwa watu binafsi, ghala likafungwa, wafanyakazi 26 wakarudi nyumbani. Mwaka uliofuata, 1994, watafiti wakatafuta mtu makini asiyekosa siku.

“Nikawaambia, mtu huyo ni mimi.”

Mtihani ulikuja Septemba iliyopita. Tetemeko lilipasua nyumba kadhaa hapa, lawama zikaangukia chombo. Dominika alimkuta Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, amesimama juu ya shimo, jembe mkononi.

“Mama, hiki ndicho kinachoita matetemeko. Nakivunja leo.”

“Kivunje, ndugu yangu. Ila kwanza piga mguu chini.”

Masanja akapiga. Kalamu ikaruka. Akapiga tena, ikaruka tena.

“Umeona? Hakiiti. Kinasikia tu.”

Masanja akashusha jembe, akauliza, “Na ng’ombe wangu wakipita?”

“Wanaandikwa. Wananiharibia karatasi!”

Watu waliokuwa wamekusanyika wakacheka. Siku hiyohiyo Masanja akalizungushia shimo uzio wa miiba.

“Magoti yalikuwa yananitetemeka,” Dominika anakiri. “Sijui kama nayo yaliandikwa.”

Agosti watafiti wataleta picha ya kwanza Sumbawanga. Dominika ameshaomba nakala yenye maelezo ya Kiswahili, na ataipeleka mwenyewe Mwimbi kabla ya kokote kwingine.

“Wao ndio wanaoishi juu ya miamba hiyo,” anasema akifunga betri mpya. “Waione wao kwanza.”