Baba amesoma ukurasa ambao haukuwepo

Leo baba kasoma sala nzima bila kukosea hata neno moja, na tangu saa hiyo sina raha.

Wiki nzima nahangaika na tableti yake hapa Bariadi, maana alilalamika herufi ni ndogo. Kitabu chake cha sala kilikuwa PDF: ukikuza herufi, mstari unatoka nje ya kioo.

Nikatafuta kile kile cha aina ya EPUB, maana hiyo herufi zinakua na mistari inajipanga yenyewe. Nikapakua na app tatu za kusomea. (Mtaalamu wa kujifundisha, si mnanijua.)

Asubuhi nikampa. "Baba, na hii je?"

"Hapo safi, mwanangu."

Akasoma kwa sauti yake ile ya kanisani. Akatelezesha na kidole, kama anafungua ukurasa.

Nikachungulia.

Kitabu hakikuwa kimefunguka. Kioo kilikuwa bado kinaniuliza nichague app gani.

"Baba, unaona nini hapo?"



"Mwanga tu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kuvuna pamba. Usimwambie mama yako. Jumapili nasoma mimi kanisani, na somo hilo nalijua."

"Na Jumapili inayofuata?"

Akanirudishia tableti.

"Hilo sijalikariri bado. Kaa hapa, unisomee."

Nimemsomea mara nne. Mama yuko jikoni. Semeni, nimwambie?