Alikula Ugali Ule Wote, Tukampiga Hivyo Hivyo

Admin, posti hii ila jina langu libaki kwako. Nina miaka hamsini na mbili, niko Singida, nina mke na watoto wanne. Watu wananiona mpole. Si kweli.

Enzi za ruksa, biashara binafsi zilipoachiwa, baba alifungua banda la mitumba, mambo yakamnyookea, akaoa mke wa pili kutoka Kintinku. Tulimwita mama mdogo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na nilimchukia bure tu.

Siku moja baba alitoka kula kwake, tumbo likavimba kama ngoma. Akagaagaa na kutapika, choo hakitoki, hata hewa haipiti. Mama yangu akapiga yowe, "Kamlisha sumu!" Baba tukamnywesha maziwa kwa nguvu. Mama mdogo tukamfunga kamba miguuni, nikamsukumia ugali na mlenda uliobaki. "Kula!" Akala wote, hakudhurika. Kaka akasema, "Kashakunywa dawa ya kuzuia sumu yake huyo." Nikachukua mchi. Nilimpiga mkononi, mfupa ukalia. Nikampiga mdomoni, meno yakadondoka. Yeye anasema tu, "Mwanangu, mpelekeni baba hospitali kwanza, mimi mtaniua baadaye."

Tukampeleka. Daktari alimpiga baba picha, akajaribu kupitisha mpira kwa nyuma ili utumbo ujifungue, ikashindikana, akampasua. Kisha akaniita. "Utumbo ulijisokota wenyewe kama nguo inayokamuliwa. Kipande kilishaoza, nimekikata. Ni nadra kuuona umejifunga hivi. Sumu hakuna." Nikamwambia asante. Nyumbani nikasema daktari kaikuta sumu. Niliona aibu, Mungu anisamehe. Baba alipona, akamfukuza mama mdogo na mkono wake uliopinda.

Mwezi uliopita tumbo langu likavimba vilevile. Nikiwa sakafuni nikamsikia mwanangu mkubwa akimuuliza mama yake, "Umempa nini baba?" Kisha kofi, kisha teke. Mke wangu, damu zikimtoka puani, ndiye aliyekimbia kutafuta gari. Nimepasuliwa, utumbo ulijisokota. Mwanangu haamini wala haombi radhi. Ananiambia, "Baba, hata babu alilishwa sumu na mkewe. Si wewe mwenyewe ulitusimulia?"

Mke wangu kashafungasha nguo, anasubiri tu nishonolewe nyuzi aondoke. Mama mdogo nasikia bado yu hai, analima kwa mkono mmoja. Ndugu zangu, nishaurini. Nitamkanyaje mwanangu, na mchi niliushika mimi?