Diski Moja Ndani ya Soksi ya Shemeji

Diski ilirudi kwangu ikiwa ndani ya soksi. Soksi ya kiume, nyeusi, iliyofumuka kisiginoni, na ingawa shemeji aliapa kwamba ilikuwa imefuliwa, pua yangu ilikataa kuamini. Niliishika kwa ncha za vidole viwili, nikaitikisa juu ya meza hadi diski ikateleza nje, kisha nikaenda kunawa mikono kwa sabuni, mara mbili. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Zilikuwa zimebaki siku saba kufika gusaba ya mdogo wangu, siku ambayo ukoo wa mwanamume huja kumwomba binti mbele ya watu, na ndani ya diski ile, kama sote tulivyoamini, kulikuwa na sauti ya marehemu mama yetu.

Nieleze taratibu, maana nina hasira na hasira hunifanya niruke mambo.

Mama alituacha watoto wanne: kaka yetu mkubwa anayeishi Batsinda, dada yangu aliyeolewa Kanombe, mimi, na mdogo wangu kitindamimba. Tulikulia Karagwe, upande wa Tanzania, kabla wazazi hawajarudi nyumbani ng'ambo ya mpaka, na hadi mwisho mama alitusemesha kwa lugha mbili ndani ya sentensi moja. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nilimsahihisha maisha yake yote na hakuwahi kunisikiliza. Alipojua kwamba hatapona, aliniita akasema anataka kumwachia kitindamimba impanuro zake. Impanuro ni yale mausia ambayo mama humpa binti yake anapokaribia kuolewa, wanawake watupu chumbani, mlango umefungwa. Mimi na dada tulikuwa tumekwisha kupata yetu. Kitindamimba wakati huo hakuwa hata na mchumba.

"Utamsikilizisha siku yake," mama aliniambia. "Si mbele ya hapo, na si mtu mwingine."

Nikamrekodi kwa simu, pale pale kitandani. Katikati ya maneno yake alinyamaza, akaniuliza, "Unanisikiliza, ama unaangalia hiyo simu?"

"Inarekodi, mama," nilimjibu. Akaendelea.

Sasa shemeji. Ni mume wa dada yangu, amekulia Uganda, anafanya kazi na kompyuta uwanja wa ndege, na kwa sababu hiyo katika familia yetu amejiteua kuwa daktari wa kila kitu chenye waya. Baada ya mazishi nilimweleza kuhusu rekodi. Alikuja nyumbani na diski ya nje, mpya, bado iko kwenye kisanduku chake, akaketi kwenye kiti changu bila kukaribishwa na akatangaza kwamba kuhifadhi kwa njia moja ni uzembe.

"Simu haiko mahali ya kuweka kitu ya maana," alisema. "Tutaweka njia tatu. Hii moja ikikataa, ingine iko. Ile nayo ikikataa, iko ya tatu."

Njia ya kwanza ilikuwa nakala ya kompyuta yangu nzima na kila kilichomo, inayochukuliwa mara moja kwa mwezi, mpya ikikaa mahali pa ile ya zamani. Ya pili ilikuwa programu inayochungulia kompyuta kila saa, ikiona nilichobadilisha inakinakili, na matoleo ya zamani inayatunza nyuma. Ya tatu ilikuwa folda ya kawaida, niliyoipa jina la Mama, ambamo nilinakili rekodi kwa mkono wangu mwenyewe. Zote tatu zilikaa kwenye diski ile moja, bila ukuta wowote kati yake. Nilimuuliza shemeji kama hatuwezi kuigawa, kila njia ipate chumba chake. Alinicheka. Alisema kugawa ni kupoteza nafasi. Nami, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa watu waulize hadi wajibiwe, niliridhika na kicheko. Rekodi ikiwa sasa kwenye kompyuta na kwenye diski, nikaifuta kwenye simu siku ile ile.

Ukoo wetu una sufuria. Ni sufuria kubwa ya kupikia wali wa sherehe, haina mwenyewe, huzunguka kutoka nyumba hadi nyumba na kurudi ikiwa na masizi nje na kitu kimekaukia ndani. Ndugu akija kuichukua hakuna anayemuuliza atapika nini wala ataiosha lini. Ni aibu kuuliza. Sijui ni nani wa kwanza aliyeamua kwamba diski nayo ni sufuria, lakini haikupita miezi mitatu kabla dada hajaiomba aweke picha za ubatizo wa wanawe. Kisha kaka akaichukua kwenda Batsinda, na huko akaiwekea programu yake mwenyewe ya kuhifadhi, njia ya nne, kwa ajili ya kompyuta yake. Kisha shemeji, mwenye diski, akaanza kutunzia humo mechi za mpira, nzima nzima, za dakika tisini na za nyongeza. Ilikuwa ikirudi kwangu siku chache, inachukua nakala zake, halafu pikipiki inakuja mlangoni kuifuata. Ningeweza kukataa. Nilikuwa nikitabasamu na kuwapa, pamoja na waya wake.

Kisha ikafika mitihani ya muhula, kompyuta yangu ikaanza kulalamika kwamba imejaa. Nikatafuta vitu vizito vya kuondoa. Rekodi ya mama ilikuwa kati ya vizito. Nakumbuka vizuri nilivyofikiri: iko kwenye diski, mara tatu. Nikaifuta, nikalimwaga na pipa la takataka la kompyuta, na nikajiona mtu nadhifu.

Basi Jumamosi ile, mikono ikinuka sabuni, nilichomeka diski nikaifungua. Kulikuwa na folda iitwayo Mpya, na nyingine Mpya Mpya, na nyingine Nakala ya Mpya ya Zamani. Ndani ya Mpya kulikuwa na Mpya. Kulikuwa na picha za kidonda cha mguu wa mtu nisiyemjua, kimepigwa kutoka kila upande, kikiwa kibichi na kikiwa na usaha, na folda nzima ya kidonda hicho ilikuwa imenakiliwa mahali pengine, labda mwenyewe aliogopa kukipoteza. Kulikuwa na nusu ya filamu. Kulikuwa na barua za kuomba kazi, mahubiri, mpira, mpira, mpira. Nilijisikia kama niliyetumbukiza mkono kwenye bomba la karo na kuvuta nywele za watu wengine. Nilifungua kila kitu kilichofunguka. Folda ya Mama haikuwepo.

Nilimpigia shemeji.

"Iko," alisema, hata sijamaliza. "Angalia kwa hizo njia zingine. Ndiyo maana niliweka tatu, si unaona?"

Nikampigia kaka. Yeye hakukana. Alizungumza kwa utulivu wa mtu aliyefanya usafi na sasa anaulizwa kuhusu ufagio.

"Niliitoa mimi, mdogo wangu. Ilikuwa inasema imejaa, inakataa kuchukua ya kwangu. Nikaona ile folda ni ya ziada, maana imo tayari kwenye zile njia zako mbili."

Ya ziada. Neno hilo nililibeba mchana kutwa na sikuweza kula.

Nikaingia kwenye nakala ya kompyuta nzima. Ilikuwa nzuri mno. Ilionyesha kompyuta yangu ilivyokuwa mwezi uliopita, mitihani imepangwa, kila kitu mahali pake, na rekodi haimo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuifuta kabla nakala hiyo haijachukuliwa. Nakala ya zamani, iliyokuwa nayo, ilikuwa imepisha mpya. Nikaenda kwa programu ya kila saa. Hiyo nayo ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Ilikuta diski imejaa, ikatafuta nafasi, ikatupa matoleo ya zamani kuliko yote, jinsi shemeji alivyoiamuru siku ya kwanza kwa kubofya kisanduku kimoja. Hakuna kilichovunjika. Kaka alitegemea njia mbili, mimi nilitegemea tatu, shemeji alitegemea hesabu yake, na kila mmoja alitupa alichokuwa nacho kwa kuamini kwamba mwingine anacho.

Jumatatu baada ya vipindi niliipeleka sokoni Kimironko, kwa mama mmoja anayetengeneza kompyuta kwenye kibanda kilichobanwa na mafundi cherehani. Niliifunga kwa kitambaa safi cha meza. Soksi nilikuwa nimeitupa. Aliniambia nirudi Alhamisi, na Alhamisi nikamkuta amevaa miwani, diski iko mbele yake inawakawaka taa yake ya buluu kama isiyo na dhambi.

"Mwarimu, disiki iko nzima rwose, kabisa," alisema. "Hakuna mahali iliumia."

"Na rekodi?"

Alinigeuzia kioo. Jina la rekodi lilikuwepo. Nililiandika mwenyewe, Impanuro za Mama, na likabaki pale peke yake kama kibao cha mlango kwenye nyumba iliyobomolewa. Aliweka kidole kwenye mstari uliokuwa chini yake.

"Jina iko. Ndani yake hapana. Mulifuta, kisha mukaandika kitu ingine juu. Hapa inaonyesha ni nini mulipandisha juu yake." Akasogeza miwani kusoma. "Ni mupira."

Alinitazama, akaona uso wangu. "Ihangane," akanipa pole kwa lugha ya nyumbani, na hakutaka kunidai chochote.

Nilitapika nyuma ya soko. Nasema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Fundi cherehani mmoja aliniletea maji kwenye kikombe, akafikiri ni ujauzito, akanipongeza.

Jioni ile shemeji alikuja na diski mpya, kubwa mara mbili, bado iko kwenye kisanduku. Aliiweka mezani na kusema, "Lakini tulikuwa na njia tatu," akarudia mara mbili, kama mtu aliyeibiwa. Sikumkaribisha chai. Nilitumia muda uliobaki kutunga hotuba ya kumsomea mdogo wangu, nani alifuta nini na lini, kaka kwa zamu yake, shemeji kwa yake, na soksi sikuisahau.

Jumamosi ya gusaba tulikuwa chumba cha ndani, wanawake watupu. Bibi harusi hukaa huko akisubiri, huku nje wasemaji wa koo mbili wakitaniana kwenye vipaza sauti, hawa wakijifanya hawajui wageni wamefuata nini, wale wakisifu ng'ombe wa mahari. Vicheko viliingia kupitia dirishani. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kufungwa umushanana, vazi letu la sherehe, ameketi wima ili asiukunje, na shingo yake imefanana na ya mama kuliko nilivyokuwa tayari kuiona. Dada alikuwa amechaji spika ndogo tangu asubuhi na kuiweka kwenye kiti karibu nami. Shemeji alikuwa hajamwambia hata mkewe. Walikuwa wananingoja mimi.

"Leta basi, dada," mdogo wangu alisema. "Kabla hawajaniita."

Nilifungua mdomo nianze hotuba, na hotuba ikanichukiza. Niliisikia ilivyo, nami nikiwa mtu msafi pekee katika ukoo wa wachafu.

"Haipo," nilimwambia. "Nilikuwa nayo, nikaifuta mimi."

Hakulia. Alishika ukingo wa nguo yake, akaunyoosha juu ya goti, akaunyoosha tena. Dada aliizima spika. Kisha mdogo wangu akainua uso, na ulikuwa umepata nafuu, umepata hata tabasamu kidogo, na ndipo nilipoogopa.

"Si kitu," alisema. "Wewe si ulikuwepo? Niambie tu alichosema."

Wanawake wote wakageuka kunitazama.

Nikarudi kule kitandani kwa akili yangu yote. Niliiona simu mkononi. Niliiona nukta nyekundu. Nilikumbuka hofu yangu kwamba mtu angepiga na kuikatiza, kwamba nafasi ingeisha, na nilivyokuwa nikichungulia chaji kila mara. Juu ya simu, pembeni, mdomo wa mama ulikuwa unatembea. Nililikumbuka swali lake na jibu langu, na baada ya jibu langu nikazikumbuka tarakimu za muda zikipanda, tarakimu tu, hadi aliponiashiria kwa mkono kwamba amemaliza. Kinyaa cha wiki nzima, cha soksi na cha kidonda na cha mpira, kilinirudia chote, na safari hii hapakuwa na pa kunawia.

"Alisema nini?" mdogo wangu akauliza tena, polepole, kwa sauti ya kunisaidia.

"Dakika arobaini na moja," nikamwambia. "Na sekunde kumi na sita."