Misumari ya Shaba Niliyoing'oa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipomuumiza mama wa watu huku nikidhani ninamfurahisha.

Nilikuwa nimetoka sekondari, nikapata kazi kwa Mzee Farajala, Mnubi aliyekuwa na karakana nyuma ya maduka ya Nakivubo. Watu wenye vibali vya silaha walimletea bunduki za zamani awaambie thamani yake, hasa zile zenye wenzo chini ya kifyatulio, unaoushusha na kuupandisha ili risasi iingie. Nyingi zilikuwa za mababu waliowinda, mitutu imekwisha zibwa, zimebaki ukumbusho tu. Mzee alinifundisha kutazama kama namba za chuma zinalingana, kama skrubu zimewahi kuguswa, kama mbao ni zile za kiwandani. Kilichoongezwa baadaye, alisema, wanunuzi wengi hukiona kasoro. Nililishika hilo moja, nikajiona fundi.

Basi Hajati Zamu, mjane wa Kinubi, akaleta bunduki ya marehemu mumewe. Alitaka kujua thamani yake kabla ya kuamua aiuze au awaachie watoto. Akaiacha, akasema atarudi Ijumaa. Kitako cha bunduki hiyo, ile mbao ya kuegemeza begani, kilikuwa na misumari midogo ya shaba, imepigiliwa kwa mstari. Mzee alikuwa amekwenda Ggaba, na mimi sikungoja wala sikuuliza. Niling'oa misumari yote, nikaziba matundu, nikapiga msasa, nikapaka mafuta. Misumari nikaitupa pamoja na takataka, lori likaibeba.

Ijumaa Mzee aliingia pamoja na Hajati.

"Wee! Umeisugua kama sufuria ya harusi!" Mzee akanicheka. Kisha akamwona Hajati anapapasa kitako.

"Misumari yangu iko wapi, kijana?"

"Niliitoa, Hajati. Ilikuwa inashusha bei."

"Mume wangu alipigilia mmoja kila nilipojifungua." Hakupaza sauti. "Ule wa mwisho ni wa mtoto ambaye hakufika siku ya kupewa jina. Hana picha. Hata kaburi lake, watu wamejenga nyumba juu yake."

Nikasema nitakimbia dukani, nilete misumari mipya, niipigilie palepale.

"Hiyo itakuwa ya watoto wa nani?"

Machozi yakamtoka. Akaifunga bunduki katika leso yake ya kujitanda, akaondoka. Mzee hakunifukuza. Alisema, "Nilikufundisha kukagua bunduki, Yusufu. Sikukufundisha kumuuliza mwenyewe. Na mimi nina lawama."

Lakini lawama ni yangu, mwanangu. Nilikwenda kwa Hajati kuomba radhi, akanipa chai, akasema amenisamehe. Naamini alinisamehe. Ila kila nilipoingia kwake baadaye, macho yake yalikwenda kwanza kwenye mikono yangu. Sasa ni marehemu. Wanawe nikikutana nao mjini hunisalimia kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo inayoniuma.

Kwa hiyo ukikabidhiwa kitu cha zamani cha mtu, usiguse msasa kabla hujamuuliza: hiki ni nini, na nani alikiweka hapa? Uliza hata kama kazi unaijua, tena hasa kama unaijua. Asipokuwepo wa kukujibu, kiache kilivyo, hata kama kinakukera macho. Wala usijidanganye kwamba ukiharibu utatengeneza. Mimi nimezeeka nikitafuta namna, sijaiona.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, mwanangu, na akujalie moyo wa kungoja. Amina.