Ramani Haipikwi

Watu wa Lushebere hawaweki kumbukumbu zao kwenye simu. Wanaziweka kwa Bienvenu. Simu ni mali ya barabara: ukikutana na wenye bunduki inaondoka, na arusi yako na ubatizo wa mwanao vinaondoka nayo. Kwa hiyo kila aliyepiga picha ya maana hupitia kibandani kwa Bienvenu Dusabimana, pale chini ya kambi ya wakimbizi, naye huimwagia kwenye diski ya kompyuta yake kuukuu. Kwa hilo hatozi kitu. Anatoza kuchaji simu tu. Baba yake, mkulima wa viazi, alikufa akilalamika kwamba alimsomesha kijana umeme kule Goma ili arudi kuwa mlinzi wa sura za watu. Mzee alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu, lakini kazi ya mwanawe hakuielewa.

Mama Mukasine aliielewa. Binti yake Umugwaneza aliongoza kwaya ya kanisa, akafa kwa homa kambini msimu wa mvua, barabara ya hospitali ikiwa imefungwa. Simu iliyokuwa na sauti yake ikaporwa baadaye. Ulibaki wimbo mmoja wa sadaka kwenye diski ya Bienvenu. Kila Jumapili baada ya misa mama huyo aliketi juu ya kreti kibandani, akausikiliza mpaka mwisho, akasema aksanti, akaenda zake. Wengine wana makaburi ya kupalilia. Yeye alikuwa na wimbo.

Basi siku moja ya radi umeme ulikatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika, na tangu hapo diski ikakataa kufunguka. Programu ya kuitengeneza ilianza, ikasogea kidogo, ikaanguka. Bienvenu akawa anakula bila kuonja. Mwisho alipanda kilimani penye rezo, mtandao wa simu, akawaandikia watu wa mbali walioiunda programu hiyo, kwa Kifaransa chake cha kuungaunga.

Mmoja akamjibu. Alimwambia: diski yenyewe usiiguse. Tumia chombo hiki kidogo, ni amri ya kuandika tu kwenye skrini nyeusi. Kitanakili mifupa ya diski: majina ya mafaili, tarehe zake, ukubwa wake, na mahali kila moja lilipolazwa. Yaliyomo ndani hakitayachukua. Nitumie mifupa hiyo nitafute ugonjwa.

Bienvenu alielewa upesi, maana amekulia shambani. Hiyo ni ramani ya shamba: mipaka iko, matuta yako, ila viazi vyenyewe vimebaki ardhini. Na ramani haipikwi. Aliandika amri, akapata nakala ndogo iliyoenea kwenye kle, kile kidude cha kubebea mafaili, cha kuning'iniza kwenye funguo, akaituma. Baada ya kungoja sana ikaja programu mpya na onyo lake: ijaribu kwanza kwenye nakala. Nakala ikipona, ndipo uitibu diski.

Aliijaribu mchana, Mama Mukasine akiwa juu ya kreti yake. Mistari ilipita kwenye skrini nyeusi, ikasimama, na safari hii haikuanguka. Akaifungua nakala. Majina yote yakajitokeza: arusi kwa arusi, msiba kwa msiba.

"Iko muzima!" akapiga kelele. "Mama, iko muzima! Angalia!"

Mama Mukasine akainama. Kusoma anajua. Alilikuta jina la binti yake na tarehe ya Jumapili ile, akapiga vigelegele hadi watu wa kambini wakatoka nje. Kisha akakigusa kile kidude kwa kidole.

"Mutoto yangu iko humu ndani?"

Hapo ndipo Bienvenu alipopaswa kusema. Hapana, Mama, humu kuna jina tu. Sauti iko kule kwenye diski, na kesho jua likijaza betri nitaitibu. Maneno mepesi kabisa. Lakini mama wa watu alikuwa analia kwa furaha, na kesho haikuwa mbali. Kwa nini amtilie mchanga kwenye chakula?

"Iko, Mama," akasema.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Alfajiri risasi zilianza kulia upande wa kambi, na mlima mzima ukashika njia kuteremkia ziwani. Wengine walibeba magodoro, wengine sufuria. Bienvenu aliichomoa diski kwenye kompyuta, akaifunga katika kitenge, akaiweka mgongoni, na kile kidude akakitia mfukoni.

"Juu ya nini unabeba ile chuma?" Mama Mukasine alimuuliza njiani. "Si bitu byote biko mu kle?"

"Ni chombo ya kazi, Mama," alijibu, akaongeza mwendo. Hata hapo nafasi ilikuwepo, na hata hapo aliiacha. Kweli iliyocheleweshwa siku moja ilikuwa imeanza kumtia haya.

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, walisimamishwa na vijana wenye bunduki. Mmoja akamfungua kitenge, akaona chuma, akakunja uso.

"Hii ni nini? Unatumiaka nani habari?"

Swali la namna hiyo huko kwetu limeshawazika watu. Mama Mukasine ndiye aliyepita mbele. Aliichukua diski kwa mikono yake miwili, akaiweka miguuni pa yule kijana.

"Muchukue, batoto yangu. Haina kintu ndani, imekufa. Mumuache huyu, ni fundi wetu."

Bienvenu angesema nini sasa? Kwamba chuma kile ndicho chenye uhai? Awaambie hao, waliokwisha kumshuku? Yule kijana aliigeuza diski kwa mguu, akacheka, akaipiga teke ikaingia korongoni. Waliisikia ikigonga mwamba, halafu ikagonga mwingine chini zaidi.

"Mupite," akasema.

Bweremana, kando ya ziwa, walilala kwenye darasa la shule. Jumapili Mama Mukasine alitafuta mwenyewe kompyuta ya kuazima kwa muuza samaki mmoja, akaja nayo ameikumbatia, akaketi sakafuni kwa kukosa kreti.

"Basi, Papa. Nisikie mutoto yangu."

Bienvenu aliifungua nakala. Jina lilikuwepo, na tarehe, na ukubwa wa wimbo. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, ingawa alijua, kisha akamwambia yote, macho yake chini.

Mama Mukasine hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Na kule ku bariere?"

"Nilijua."

Aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. "Njo hii mikono ilimutoa," akasema. Bienvenu alitamani amtukane, amzabe kofi, amwite mwongo mbele ya watu. Hakupewa hata hilo.

Wakati huo akaingia Papa Gisubizo, mkulima wa kilima cha jirani, kofia mkononi. Mkewe alikuwa amebaki njiani, kwenye kaburi la haraka lisilo na msalaba, na picha za arusi yao zilikuwa kwa Bienvenu.

"Fundi, minasikia uliokoa bitu byetu," alisema. "Picha ya mama ya batoto yangu iko?"

Bienvenu akainua uso. Safari hii alikuwa amekata shauri kusema kweli. Alifungua kinywa, lakini Mama Mukasine alikuwa ameshaifunga kompyuta na kumwekea yule mzee mkono begani.

"Iko, Papa," akasema. "Biko byote humu. Tunangoja tu moto ya kuwasha kompyuta."

Papa Gisubizo akashukuru, akavaa kofia yake. Bienvenu akafumba kinywa.