Mtamba Aliyekuja na Fuso

Kanisani Sapiwi hakukuwa na maskini kama mzee Shigela, na umaskini wake aliufanyia bidii. Shati la ibada alikuwa nalo moja. Zizini mwake walisimama ng'ombe watatu waliokonda hadi ukiwatazama unataka kuwapa pole. Mchungaji akisoma "msijiwekee hazina duniani," waumini humgeukia Shigela, naye huinamisha kichwa.

Neno hilo kweli alilitii. Nyumbani kwake hakuweka kitu. Hazina yote aliiweka Lingeka, huko Meatu, kwa rafiki yake Masunga. Ni desturi ya Wasukuma tangu zamani: ng'ombe wako unawalaza kwa mwenzio, yeye anakunywa maziwa, wewe unabaki na mali, jirani mwenye kijicho anabaki na makisio. Shigela aliongeza lake moja tu: hata fungu la kumi lisijue njia ya Lingeka.

Ila ng'ombe ukiwaficha huku, wanaonekana kule. Ufukara wa Shigela ulimfanya Masunga tajiri. Watu wa Lingeka waliona zizi limefurika, wakampa uzee wa kanisa na kiti cha mbele chenye mto. Angesema nini? "Si wangu"? Mto ule ulikuwa laini.

Sikukuu ya mavuno ilipofika, kanisa la Lingeka likamwomba tajiri wao amkumbuke maskini mmoja wa Sapiwi. Jina hakuambiwa. Jumapili hiyo Fuso likasimama nje ya kanisa la Sapiwi, akashushwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe pajani. Nyuma yake akashuka Masunga, na suti.

Shigela alimjua mtamba wake kabla kwato hazijagusa ardhi. Masunga alipoona maskini mwenyewe ni nani, tai ikaanza kumbana.

"Mzee wetu Shigela," mchungaji akasema, "Mungu ameona machozi yako. Pokea!"

Mtamba hakungoja. Alimwendea Shigela moja kwa moja akamlamba kiganja, maana ndicho kilichozoea kumletea chumvi.

"Mnaona?" mchungaji akapaza sauti. "Hata mnyama anamtambua mwenye haki!"

Vigelegele. Shigela akafungua mdomo. Akisema "huyu ni wangu," ataulizwa wenzake wako wapi. Akinyamaza, amepewa msaada wa ng'ombe wake mwenyewe.

"Wabeja," akashukuru kwa Kisukuma, maana Kiswahili kilimkauka.

"Sasa mwombee mtoaji."

Shigela akamshika Masunga bega, akalibana hasa. "Ee Bwana, mzidishie huyu ng'ombe. Wazae mapacha. Na umfundishe asitoe hata ndama bila kumuuliza Mwenye mali."

"Amina!" Sauti iliyozidi zote ilikuwa ya Milembe, mke wa Shigela, aliyejua kila kitu. "Na mwakani alete wawili!"

"Nitajitahidi, mama," Masunga akajibu. Mbele ya kanisa zima angejibu nini tena?

Njiani kurudi, Milembe aliswaga mtamba huku akicheka. "Baba Mboje, hongera. Leo ndiyo umepata ng'ombe."

Mtamba alizaa. Mchungaji alifika kubariki kabla ndama hajasimama vizuri, na tangu siku hiyo kila Jumamosi Domitila wa kwaya hupita na kidumu kuchukua maziwa ya chai ya waimbaji. Ndiye ng'ombe pekee wa Shigela anayetoa sadaka.

Wale waliobaki Lingeka hawezi kuwafuata. Maskini atadai zizi la nani? Na Masunga, wanasema, kiti chake sasa kina mito miwili.