Mwambie Babako

Binti yetu alikuwa ndio kwanza anaanza kukaa bila kuegemezwa tulipokwenda Mambrui kupumzika. Wazo lilikuwa la mke wangu. Tangu ajifungue alikuwa hajatoka Mombasa, na dirisha la chumba chetu linatazama ukuta wa jirani. "Nataka mtoto akae mahali penye upepo," aliniambia, "na mimi nikae mahali ambapo mtu mwingine atanipikia." Mimi kazi yangu ni kutengeneza mafriji, na msimu wa joto ulikuwa umepita, kwa hiyo wateja walikuwa wachache. Nikakubali.

Tulikodi nyumba ndogo nyuma ya mivinje, hatua chache kutoka ufukweni: vyumba viwili, ukumbi katikati, baraza mbele, na jiko la nje upande wa nyuma. Mke wangu alisema atamchukua mdogo wake wa kike aje amsaidie na mtoto. Nikasema vyema. Tulipokuwa tunafunga mizigo ndipo akaniambia, huku akijifanya anatafuta soksi za mtoto, kwamba na mama yake naye anakuja.

Niliacha kukunja nguo. Si kwamba nilimchukia mama mkwe wangu. Nilikuwa simjui tu. Yeye ni mkulima wa Tezo, na kwa desturi zao mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Kwetu sisi mama mkwe ni mama. Unambusu mkono, unakaa karibu naye, anakupakulia mpaka uombe radhi. Mara yangu ya kwanza kufika Tezo nilimnyooshea mkono, naye akauficha wake ndani ya leso na kuwatazama kuku. Nilirudi Mombasa nikijua kwamba hanitaki. Mke wangu alicheka njia nzima. "Amekuheshimu!" aliniambia. "Angekupa mkono ndio ungekuwa na la kuogopa."

Sasa watu wawili wa namna hiyo wataishije kwenye nyumba ya vyumba viwili?

Alifika na gunia la mihogo na ndimu, akaingia kwa mlango wa jikoni. Nilisimama barazani nikapaza sauti: "Shikamoo, mama."

Nikasikia sauti nyembamba kutoka nyuma ya ukuta. Alikuwa amekwisha kumbeba mjukuu wake, naye ndiye aliyekuwa akimsemesha.

"Kahoho, mwambie babako marahaba. Na mwambie haya madirisha yako chini mno. Ukianza kusimama utaanguka nje."

Mtoto alijibu kwa kupuliza mate. Nilimtazama mke wangu, naye akaniashiria kwa kidevu: jibu basi.

"Mwambie hawe nitaweka viti hapo," nilisema. Hawe ndiyo nyanya kwa lugha yao, na kahoho ni mtoto mdogo, nilikuwa nimejifunza.

"Mwambie babako ahsante."

Shemeji yangu alicheka hadi akakaa chini. Lakini mambo yakawa yameshapata njia. Toka hapo mama mkwe na mimi tulizungumza kutwa nzima, naye hakunisemesha hata mara moja. "Mwambie babako samaki wa leo ana miba, ale polepole." "Mwambie hawe chai yake ina tangawizi nzuri." Mtoto mwenyewe alipitia mkekani: mimi nilimlaza pale ukumbini nikajitenga, mama mkwe akaja akamwokota, na akitaka kumrudisha alifanya vivyo hivyo. Binti yetu alidhani ni mchezo. Kila akilazwa mkekani aligeuza kichwa huku na huku kutazama nani atakuja.

Siku ya pili jioni mke wangu alianza kutetemeka. Alijifunika leso mbili na bado meno yakagongana. Mama yake na mdogo wake waliingia naye chumbani wakafunga mlango, maji ya moto yakapelekwa, vitambaa vikapelekwa, na mimi nikabaki ukumbini na mtoto kama mgeni aliyesahauliwa.

"Mwambie hawe, mamako ana nini?" niliuliza mlango ulipofunguka kidogo.

"Mwambie babako ana homa."

"Homa gani?"

Mlango ukarudishwa nusu. "Mwambie babako ni homa ya kina mama."

Nilielewa kwamba nimefika mwisho wa ninachoruhusiwa kujua. Asubuhi mke wangu aliniambia mwenyewe. Ziwa la kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, gumu kama embe bichi, na mtoto akiligusa yeye huona nyota. Tuliita tuktuk imkimbize hospitali Malindi. Nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu aliponizuia.

"Mdogo wangu atanipeleka. Wewe kaa na mtoto."

"Si mama yuko?"

"Mama magoti yake hayamruhusu kusimama naye. Akilia akitaka kubebwa nani atambeba?" Alinishika shavu kwa mkono uliokuwa ukiwaka moto. "Mtaelewana. Mna mkalimani."

Tuktuk ikaondoka. Nikabaki barazani na mtoto begani, na ndani ya nyumba sikusikia hata sahani kugongana. Nilijua mama mkwe yuko jikoni amesimama tuli, akifikiri ninachofikiri mimi.

Tuliimaliza asubuhi kwa adabu. Mtoto alikula uji vijiko vitatu akatema cha nne. Karibu na adhuhuri shemeji akapiga simu. Daktari amesema ni jipu, limeshaiva, litapasuliwa leo hii na atalala huko apigwe sindano. Nisiwe na wasiwasi, alisema, lakini sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

Sasa ilinibidi nimpashe habari mama yake. Nilikwenda hadi karibu na mlango wa jikoni, nikampakata mtoto, nikatafuta maneno. Mtu atamtajiaje mama mkwe ziwa la binti yake?

"Mwambie hawe," nilisema, "mamako atalala Malindi. Pana mahali penye usaha, daktari atautoa. Wamesema atapona."

Nilisikia mwiko ukiwekwa juu ya sufuria. "Mwambie babako hawe amesikia."

Kisha nikasikia anapumua kwa vipande vipande, kama mtu anayejizuia. Mwanamke ambaye sikuwahi kumwona usoni vizuri alikuwa analia nyuma ya ukuta kwa ajili ya mtu ambaye mimi pia nilitaka kumlilia. Sikuweza kuingia. Sikuweza kumshika bega.

"Mwambie hawe asiogope," nilisema. Nikaona hayo hayatoshi. "Mwambie na mimi naogopa."

Kupumua kwake kukatulia.

Mchana binti yetu aligundua kwamba mama hayuko. Kilio alichokianzisha sijawahi kukisikia tena. Maziwa ya chupa aliyasukuma. Ya kikombe aliyamwaga kifuani mwangu. Nilimtembeza chumba hadi chumba, nikamwimbia, nikamwonyesha feni, nikamwonyesha mjusi. Midomo yake ilianza kukauka.

"Mwambie babako," sauti ilisema nyuma yangu. Ilikuwa karibu kuliko siku zote, mlangoni kabisa. "Mwambie ajifunge leso aliyolalia mamako. Kifuani. Kisha twende kwenye upepo."

Nikajifunga leso ya mke wangu, ya rangi ya zambarau, ikizunguka shingo na kifua kama mwanamke anayetoka kuoga. Ilikuwa na harufu yake, ya jasho la homa na mafuta ya nazi. Mtoto alitia pua humo akanyamaza kwa pumzi mbili tatu, kisha akaendelea kulia, ila sasa ni kilio kidogo, cha kulalamika. Tukashuka ufukweni hivyo, mimi mbele na leso yangu, mama mkwe nyuma akichechemea, mkononi ana dafu lililofunguliwa na kijiko. Vijana wawili waliokuwa wakicheza mpira walisimama kunitazama. Sikujali hata kidogo.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mto Sabaki ulikuwa umeleta udongo wa bara na bahari ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na mchanga uliokuwa umelowa ulimetameta mpaka nikafumba macho. Nilikaa pale ambapo wimbi linafika likiwa limechoka, mtoto mapajani, maji yakatupita miguuni yakarudi. Akatazama chini. Likaja jingine. Akaacha kulia ili atazame vizuri.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na kijiko. Nilijua anapima. Mtoto akilazwa mchangani ataanza upya. Nikimlisha mimi peke yangu sina mkono wa kumshika. Hapakuwa na mkeka.

Akaja akakaa. Magoti yake yalilia, na yeye mwenyewe akaguna kidogo. Alikaa mbele yetu upande, leso yake kichwani ameivuta hadi kwenye nyusi, macho kwa mtoto tu. Akachota maji ya dafu.

"Mkwe," alisema. "Mwinue kichwa."

Nilimwinua. Kijiko kikaingia. Mtoto alikunja uso, akaonja, akafungua mdomo tena. Akanywa. Kila wimbi likipita aliacha kunywa akalitazama, kisha akarudia. Tulimlisha hivyo hadi dafu likabaki unyevu tu, na mkono wa mama mkwe uligusa wangu mara nyingi na hakuna aliyeuondoa. Niliona vidole vyake, vifupi, kucha zimekatwa hadi ndani. Mke wangu ana vidole hivyohivyo. Sikuwahi kujua vimetoka wapi.

Mtoto akalala kifuani mwangu, juu ya leso. Lakini usingizi ulipomchukua alikuwa amekishika kidole cha nyanya yake, na hakukiachia. Mama mkwe alikivuta taratibu. Mtoto akakunja uso, tayari kuanza. Mama mkwe akakiacha hapo. Akageuza uso wake kutazama baharini, mimi nikageuza wangu kutazama mivinje, na tukabaki pale, tumefungwa pamoja na kiumbe kisichojua adabu.

Baada ya muda akaanza kusema, polepole, kama anayemwimbia aliyelala.

"Kahoho, mwambie babako. Mamako alipokuwa hivi ulivyo wewe, na mimi niliugua hivihivi. Shamba lilikuwa na magugu, nikalima nimejifunga kitambaa. Mamako alilia siku nzima kwenye kivuli. Babu yako alikuwa kazini mbali, hakuna aliyemwambia, kwa sababu mambo hayo mwanamume haambiwi. Alirudi limeshapasuka lenyewe, limeshapona. Akauliza kovu la nini. Nikamwambia moto." Wimbi likaja likaenda. "Hakuwa mtu mbaya. Angejua angekuja. Mwambie babako nashukuru yeye ameambiwa. Nashukuru yupo hapa."

Mtoto alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi. Niliivuta leso juu ya kichwa chake kumkinga jua. Kisha nilisema, "Mwambie hawe… mwambie ahsante kwa kumzaa mamako." Lilikuwa neno la ajabu kumwambia mtu, nami sikujua kama kwa desturi zao linaruhusiwa. Lakini mama mkwe aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akiwa ameielekea bahari.

Adhana ya alasiri ilipolia kutoka mjini tulikuwa bado pale, na maji yalikuwa yameanza kupanda hadi viunoni mwetu. Kidole kikaachiwa. Akainuka kwanza, nami nikasubiri afike kwenye mivinje ndipo nikainuka.

Mke wangu alirudi siku iliyofuata, amefungwa bandeji, amepauka, anacheka. Mtoto alimrukia karibu amwangushe, akanyonya upande ulio mzima kwa hasira kana kwamba anadai maelezo. Mama mkwe alimtazama binti yake kutoka kichwani hadi miguuni, akamshika shingo kupima joto, akaenda zake jikoni kumchemshia supu ya samaki.

"Haya, mlielewana?" mke wangu aliniuliza tulipobaki wenyewe.

"Aliongea na mtoto."

"Aliongea nini?"

Nilimweleza yote, hadi la leso na wale vijana wa mpira. Kwenye leso alicheka hadi akajishika bandeji kwa maumivu. Kwenye kovu aliacha kucheka. "Na mimi aliniambia ni moto," alisema. Akanyanyuka akaenda jikoni, na kupitia dirishani nikamwona amemkumbatia mama yake kwa nyuma, kidevu begani, huku mama akiendelea kukoroga.

Siku ya kuondoka tulishuka ufukweni sote. Mke wangu alikatazwa kuloa, kwa hiyo alikaa kivulini na mtoto na mdogo wake. Nilitamani kuogelea walau mara moja, lakini ningevuaje shati na mama mkwe yupo? Nilisimama pale na suruali yangu ndefu nikijifanya nachunguza makombe. Mama mkwe akaniona. Alikokota mkeka wake hadi juu kabisa, akaukunjua, akakaa akiielekea nyumba, mgongo kwetu na kwa bahari, akavuta leso kichwani na kuanza kumenya machungwa.

"Nenda basi," mke wangu alininong'oneza. "Amekuachia."

Nikavua shati nikakimbia majini.